Karatasi ya Kijerumani kwenye kasha la shangazi: natafuta asili ya mama yake babu (Lindi/Mikindani)

Mtu wa Mikindani

Wakuu, heshima yenu. Wazee shikamooni.

Kwetu ni Mikindani, mji wa zamani kule chini. Ukoo wetu tunauhesabu kwa upande wa kiume: baba yake babu fundi wa majahazi, baba yake naye mvuvi na mwalimu wa chuo cha Kurani, na juu ya hapo wazee wanakuambia "Washirazi" na mjadala umefungwa. Upande wa mama yake babu hausemwi. Ukiuliza unajibiwa "alikuwa mtu wa Lindi", halafu unakumbushwa chai inapoa.

Juzi shangazi alikuwa anatafuta hati ya kiwanja kwenye kasha lake la bati. Chini kabisa akakuta karatasi nene iliyokunjwa mara nne. Nimeishika mwenyewe. Juu ina Kijerumani kilichopigwa chapa, herufi zile za zamani zenye mikia, na nafasi zimejazwa kwa mkono, wino umegeuka rangi ya kahawia. Pembeni muhuri wa duara wenye tai. Neno Lindi linasomeka vizuri. Mwaka unaanza na 190, tarakimu ya mwisho imeangukia penye mkunjo, na mkunjo umeliwa. Kuna jina la kike, jina la kiume, na neno Makua.

Jina la kike silo tunalomsomea hitima. Sisi tunamjua kwa jina la Kiislamu. Hili la kwenye karatasi ni la mtindo wa Faida, Tausi, Riziki. Shangazi, ambaye alimuwahi bibi huyo akiwa hai, anasema alikuwa na chale ya mwezi mchanga kwenye paji la uso, na Kimakonde alikisema kwa lafudhi iliyowachekesha watoto.

Naomba kujua: karatasi hii ni ya nini? Inaweza kuwa yake? Na nianzie wapi kuwapata watu wake? Picha siweki hadharani kwa sababu jina la mtu wa familia nyingine limo.

Korosho Ghafi

Nimekaa mstari wa mbele na ming'oko yangu. Endeleeni.

Mzee wa Majalada

Marahaba kijana. Bila kuiona sikuapii, lakini ulivyoieleza inafanana sana na Freibrief, yaani hati ya uhuru.

Watu wengi wanadhani Mjerumani alifuta utumwa alipofika. Hakufuta. Alipiga vita biashara ya watumwa, lakini kumiliki mtumwa aliyekuwapo tayari kuliendelea, na uhuru ulipatikana mmojammoja: mtu alijikomboa kwa fedha, au alikombolewa na mwingine, au bwana alimwacha huru, au serikali ilimwondoa mikononi mwa bwana kwa sababu fulani. Boma likaandika hati. Amri ya Desemba 1904 ikaongeza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru. Wazazi wake je? Walibaki walivyo. Sheria ya kuufuta kabisa ilikuja na Mwingereza mwaka 1922.

Kwa hiyo hilo jina la kiume usikimbilie kuliita babu. Huenda ni bwana wake, huenda ni aliyetoa fedha za kumkomboa. Tafuta maneno yaliyo kabla ya jina hilo, ndiyo yatakayokuambia.

Na nakuomba sana: usiipeleke stesheneri wakaipaka plastiki kwa mashine ya moto. Watu wamekwisha kuua vyeti vya babu zao hivyo, wino unaondoka na plastiki haibanduki tena. Iweke bapa, isikunjwe tena kwenye mikunjo ileile, katikati ya karatasi nyeupe safi. Piga picha karibu na dirisha mchana, kamera ikiwa juu yake sawasawa, halafu nyingine mwanga ukipita kwa ubavu. Tarakimu iliyofifia huonekana zaidi kwa mwanga wa ubavu kwa sababu kalamu ya chuma ilikwaruza karatasi.

Shirazi wa Ukweli

Mna haraka ya kuwafanya watu watumwa. Mikindani ilikuwa na Waarabu, Wahindi, Washirazi, Wamakonde, mabaharia wa kila bandari. Karatasi inaweza kuwa ya mtu yeyote aliyewahi kulala nyumba hiyo. Na mwenye uzi hajui kama kuna ndugu zake wanasubiri neno kama hili wawapeleke wenzao mahakamani kwa ajili ya minazi. Waacheni marehemu.

Bi Mkubwa wa Mtanda

Mwanangu Shirazi, hofu yako ya minazi haina msingi. Huyo bibi kapewa hati kisha kaolewa, ni mke kama mke mwingine. Na hata angekuwa suria, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru na anarithi sawa na ndugu zake. Hilo halihitaji mwanasheria, kamuulize sheikh yeyote aliyesoma mirathi.

Huku Lindi mjini nyumba zenye bibi wa namna hiyo ni nyingi. Nyingine wanamtaja wazi, nyingine wanamwita "mgeni wa bibi", "mlezi wa watoto". Mwenye uzi, angalia jambo moja: mgeni wa bibi hawi na jina la baba. Watu wa mji wanataja fulani binti fulani. Huyo wako kwenye hitima mnamtaja binti nani?

Mtu wa Mikindani

Shikamoo Bi Mkubwa. Umenishika pabaya. Tunamtaja binti Abdallah.

Bi Mkubwa wa Mtanda

Marahaba mwanangu. Basi. "Mja wa Mungu." Wanapewa hilo wengi ambao baba zao hawakujulikana. Akina Abdallah wa kweli wapo pia, simwapii mtu, lakini liweke pamoja na hiyo karatasi na hiyo chale.

Na umri wake usiutafute kwa miaka, hakuna aliyeuandika. Muulize shangazi bibi alichezwa unyago wapi na akina nani. Muulize Majimaji ilimkuta ana mtoto au hana. Muulize wakati Waingereza na Wajerumani wanapigana Mahiwa, 1917, watu wa bara walipokimbia, yeye alikuwa Lindi au keshahamia Mikindani. Mabibi hawajui 1905, lakini wanajua walikuwa wamebeba nini mgongoni siku ya kukimbia.

Mmakua wa Chiungutwa

Naingia hapa kwa sababu ya huo mwezi mchanga. Hiyo chale ni yetu, wasafiri wa karne ya 19 waliiandika, na sisi wenye umri tumewaona mabibi wa mwisho waliokuwa nayo. Neno Makua kwenye karatasi halijakaa kwa bahati.

Sasa nisikilize vizuri mdogo wangu, maana naona unajiandaa kwenda kutafuta "baba yake". Kwetu mtu ni wa nihimo, yaani ukoo, na nihimo unalichukua kwa mama. Wayao ni hivyohivyo, Wamakonde na Wamwera pia kwa desturi ya asili. Mwenye kauli juu ya watoto ni mjomba. Lakini karatasi zote zilizopita huku, za Mjerumani, za Mwingereza, kitabu cha kodi, cheti cha shule, mpaka fomu ya kitambulisho cha taifa, zinauliza jina la baba. Ukipanda ngazi hiyo ya baba, baba, baba, unaweza kumaliza majalada yote ya Kusini usikutane na mtu wa nihimo lake hata mmoja. Karatasi itumie kupata mwaka na mahali. Watu watafute kwa nihimo.

La pili, majina ya wakubwa yanarithiwa. Mwenye, yaani mkubwa wa ukoo, akifa, mpwa wake anakalia kiti na jina. Matola wa kwanza wa Newala, yule rafiki wa wamisheni aliyefariki miaka ya 1890, siye Matola ambaye mtafiti Mjerumani Karl Weule alimkuta Chingulungulu mwaka 1906. Nimeona watu mtandaoni wanajenga ukoo ambamo mzee mmoja kaishi miaka 130 na kuoa mara ya mwisho akiwa na 95. Ni watu watatu, jina moja.

Korosho Ghafi

Miaka 130 na bado anaoa 😂 huyo alikuwa anakunywa uraka safi.

Mtu wa Mikindani

Mkuu wa Chiungutwa, asante. Sasa mtoto wa Kimakua alifikaje Lindi utumwani? Tuseme hati ni ya 1902 hivi na alikuwa binti, basi kazaliwa miaka ya 1880.

Mzee wa Majalada

Njia zilikuwa zaidi ya moja na usichague mapema.

Magwangwara, ndivyo walivyoitwa Wangoni huku, waliivamia Masasi mwaka 1882 na kuchukua mateka. Wale walioshambuliwa pale, baadhi yao walikuwa watu waliokwisha kukombolewa mara ya kwanza: kijiji cha misheni cha Masasi kilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere kwa watu walioachwa huru Unguja. Fikiria mtu ametoka utumwani, amerudishwa bara, anachukuliwa tena. Uvamizi haukuwa mmoja. Pia biashara ya wakubwa wa Kiyao na misafara ya pwani iliendelea. Machemba, mkubwa wa Kiyao juu ya uwanda wa Makonde, hakuondoshwa na Wajerumani hadi 1899, akavuka kwenda Msumbiji. Na Wamakua wengine walitoka ng'ambo ya Ruvuma kabisa. Kuna pia njaa: mtoto aliwekwa rehani kwa chakula, rehani haikukombolewa.

Kwa maandishi, fuata hivi. Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, zina majalada ya Kijerumani na ya Mwingereza. Omba vitabu vya wilaya vya Lindi, Masasi, Newala na Mikindani. Mabwana wilaya waliandika humo habari za makabila, koo za wakubwa, nani alimrithi nani, nani alihamia kutoka wapi. Bibi yako hutamkuta kwa jina, lakini utakuta orodha ya wakubwa wa Kimakua na maeneo yao, ukishajua nihimo orodha hiyo inaanza kusema. Isome kwa hadhari, kwa sababu mkubwa aliyekuwa anahojiwa na bwana wilaya alikuwa anagombea kiti, na mpinzani wake hakuitwa.

Barua na ripoti za wamisheni wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana ya Askofu Steere, ziko Oxford, maktaba ya Bodleian. Unguja, hifadhi ya nyaraka ya Kilimani, ina kumbukumbu za ubalozi wa Uingereza na masuala ya watumwa. Upande wa Wabenediktini, Lukuledi ilianza 1895 na Nyangao 1896, zote mbili zikachomwa kwenye Majimaji mwaka 1905, Ndanda ikafuata 1906. Bibi yako alikuwa Mwislamu, lakini ndugu zake waliobaki bara huenda walibatizwa, na kitabu cha ubatizo kina jina la mama. Hicho ni kitu adimu kwenye karatasi za wakati ule.

Ukienda ofisi yoyote kati ya hizo, beba barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho. Na usiseme "natafuta ukoo wangu". Sema wilaya, miaka, na aina ya jalada.

Mjukuu wa Manamba

Samahani nadandia uzi. Babu yangu alitoka Nachingwea akaenda Tanga kwenye mkonge, hakurudi. Wapo wenye habari?

Mzee wa Majalada

Kama alikwenda baada ya 1944, huenda aliandikishwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokusanya vibarua. Jua jina la shamba kwanza, maana kumbukumbu na makaburi vilifuata shamba. Waulize wazee wenzake waliorudi, manamba wa kijiji kimoja mara nyingi walipelekwa pamoja. Fungua uzi wako tuchangie, usizame humu.

Askari Mstaafu

Wenye babu zao waliokwenda Burma na KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, wakafa huko: Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni, unatafuta kwa jina, bure. Jaribu tahajia zote. Juma anaweza kuwa Jumah, na jina la baba ndilo limewekwa kama la ukoo. Ila wapagazi wa 1914 hadi 1918 msijipe matumaini makubwa, wengi wao hawakuandikwa majina popote, tume yenyewe ilikiri hivyo kwenye ripoti yake ya mwaka 2021.

Ustadhi wa Kivinje

Niongeze upande wa dini. Nyumba za masheikh wa tarika zina silsila (mlolongo wa walimu) na ijaza (ruhusa ya mwalimu kwa mwanafunzi) zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Watu wanazisoma kama nasaba, na sizo: ni mwalimu na mwanafunzi. Lakini mwisho wa ijaza kuna mashahidi, mji na mwaka wa Hijria, na humo unakuta waliokuwa wageni mjini wakitajwa sawa na wenyeji. Kwa huyo fundi wa majahazi, angalia kama alichukua tarika. Mkiwa na barua za zamani za hati hizo, msimpe mtu aondoke nazo. Piga picha, mlete msomaji nyumbani.

Mtu wa Mikindani

Wakuu, nimerudi na jipya.

Nilikaa na shangazi jikoni anakuna nazi, sikuulizia utumwa wala karatasi. Nilimuuliza kama bibi alikuwa na nihimo. Akaendelea kukuna. Baadaye akasema: "Ndilo lililovunja posa."

Babu alikuwa na dada mmoja, aliyeolewa Mingoyo. Binti wa dada huyo aliposwa na kijana aliyekuja kutoka Masasi, mtu wa heshima, mahari imeshazungumzwa. Bibi, mzee wakati huo na haonekani vizuri, akaomba kijana aletwe mbele yake. Akamuuliza mama yake ni wa nani. Kijana akataja. Bibi akakataa ndoa, akasema "huyu ni ndugu yake". Watu wa Mikindani walimwona kachanganyikiwa, kwa sababu hakuna udugu wowote wanaoujua. Kijana hakubishana, alipiga goti, akamwita mama, akarudi kwao. Shangazi analikumbuka jina la nihimo kwa sababu lilirudiwa sana nyumbani siku zile, watu wakilaumu.

Kwa hiyo nihimo ninalo. Je, shangazi ndiye mrithi wake sasa?

Mmakua wa Chiungutwa

Umepata kikubwa kuliko karatasi ya tai. Bibi alichukuliwa mtoto, akabadilishwa jina, akabadilishwa dini, akapewa baba wa kubuni, na nihimo hakulisahau.

Shangazi yako siye. Babu yako alikuwa wa nihimo hilo kwa sababu ya mama yake, lakini babu ni mwanaume, hakumpa mtoto wake yeyote. Shangazi na baba yako ni wa mama yao. Wenye nihimo leo ni uzao wa kike wa yule dada wa Mingoyo: binti aliyevunjiwa posa, ndugu zake wa tumbo moja, na watoto wa hao mabinti. Kwa mila, hao ndio "yeye".

Shirazi wa Ukweli

Sijabadili msimamo kuhusu kuanika mambo. Ila nauliza: si kuna vipimo vya vinasaba siku hizi? Mwenye uzi apime amalize ubishi.

Nesi wa Ligula

Akipima yeye hatapata anachokitafuta moja kwa moja. Kuna sehemu ya vinasaba inayotoka kwa mama kwenda kwa watoto wote, lakini mabinti tu ndio wanaoipitisha mbele. Ya bibi ilifika kwa babu ikakomea hapo. Wa kupimwa ni hao hao wa Mingoyo. Majibu yenyewe yatalinganishwa na waliokwisha kupima, na Wamakua waliopima sidhani kama wanajaza daladala. Na mkipima, mwambieni huyo mama wa Mingoyo ukweli wa kwa nini mnataka mate yake.

Mtu wa Mikindani

Binti aliyevunjiwa posa yu hai, ni mtu mzima sana, yuko Mingoyo na wajukuu. Nimepiga simu kwa mjukuu wake. Nilipotaja nihimo, nikasikia bibi anauliza nyuma ya simu "nani huyo anayelijua?" Jumamosi naenda na shangazi. Karatasi nitaibeba kwenye bahasha ngumu, ila sitaitoa mpaka yeye aulize.

Bi Mkubwa wa Mtanda

Vizuri. Beba na kitenge na sukari, usiende mikono mitupu kwa mtu uliyemkosa miaka yote hii. Na mwache shangazi aanze kuzungumza.

Mmakua wa Chiungutwa

Muulize mambo mawili: jina la yule kijana wa Masasi, na jina la mama yake. Kijana alijitambulisha kwa wazee siku ya posa, hivyo kijiji chake kilitajwa. Nitumie inboksi nihimo na kijiji. Kama ni upande wa Chiungutwa au Lulindi nawajua wa kuwauliza, kama ni ng'ambo ya Ruvuma kuna mwalimu mstaafu tutampigia. Ila fanyeni kabla msimu wa korosho haujaanza, wazee wakishahamia mashambani kuokota humpati mtu mpaka Januari.

Korosho Ghafi

Nathibitisha hilo la msimu. Mwenye uzi, ukirudi Mingoyo tupe mrejesho hapahapa, usifungue uzi mwingine.